Taa ya sola ifunguke kwa bisibisi moja

Kabla ya kuuliza taa ya sola inamulika kiasi gani, igeuze. Ukiona skrubu nne za nyota, zote saizi moja, itatengenezeka. Ganda likiwa limefungwa kwa gundi, fundi wa Mikindani hana njia ila kisu, na kisu kikiingia kwenye betri ya lithiamu ni moto.

Skrubu ndiyo inayoniumiza kichwa zaidi. Hewa ya pwani yetu ina chumvi: skrubu ya chuma cha kawaida hushika kutu, ile nyota ya kichwani inalika, bisibisi inabaki kuzunguka bure. Kwenye mchoro naandika M3 (unene wa milimita 3), stenlesi ya daraja A4, inayohimili chumvi. A2 ni nafuu, lakini kwa Shangani, kando ya bahari, haitoshi. Tena stenlesi ikigusana na fremu ya alumini kwenye unyevu wa chumvi, inayolika ni alumini, basi vitenganishe kwa washa ya nailoni.

Skrubu isijichimbie njia kwenye plastiki yenyewe. Ikifunguliwa mara chache tu, nyuzi zimesagika. Nazamisha kwa joto nati ndogo ya shaba njano. Wanaosaga plastiki ili itumike tena hunung'unika kwamba nati hizo zinaharibu visu vya mashine, na wana haki. Ndiyo maana kila nati naiweka kwenye kiguzo chembamba shinani, kinachokatika kwa koleo kabla ya kusaga.

Betri ikae kwa plagi, isichomelewe. Ndani ya mfuniko chapa aina na volti kwa herufi zilizoinuka, si stika. Betri ya 18650 (milimita 18 kwa 65) ya lithiamu ya kawaida hujaa kwenye volti 4.2, ya lithiamu fosfeti, umbo lilelile, hujaa kwenye 3.65. Ukiweka hii ya pili kwenye taa ya ile ya kwanza, inajazwa kupita kiasi na kufa mapema.

Ganda liwe la plastiki ya aina moja, lichapwe jina la plastiki hiyo ili msagaji aitambue, >PP< au >ABS<. Chapa ikifutika, chukua ndoo ya maji: PP inaelea, ABS inazama. Koroga chumvi mpaka igome kuyeyuka, ABS nayo inaibuka, PVC, plastiki ya mabomba, inabaki chini. Tia tone la sabuni, maana kapovu kakinasa kwenye kipande kizito kitaelea kikudanganye. Na PP iliyochanganywa unga wa talki huweza kuzama kama ABS.