Mfuko wa ufadhili wa chuo: ni nini, na pesa yake inakwenda wapi

Mfuko wa ufadhili ni fedha ambazo watu wametoa kwa hiari ili zisaidie wanafunzi au kazi fulani ya chuo. Fedha hizo hutengwa na zile za uendeshaji wa kila siku, zikawekewa wasimamizi na masharti ya matumizi. Ukimlipia mpwa wako ada, umefadhili, lakini hujaanzisha mfuko. Mwakani hakuna mtu anayebanwa kumjibu mtoto wa jirani atakayekuja na shida ileile.

Hapa Kigoma ukitaja ufadhili, wengi huwaza chuo kikuu. Mimi nazungumzia vyuo vya chini yake: VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi vya serikali, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama kile cha Kasulu, au vya Urambo na Sikonge kwa majirani zetu wa Tabora. Vyuo vya wananchi vilianza mwaka 1975, enzi ya Mwalimu Nyerere, kwa kuiga vyuo vya aina hiyo vya Sweden. Huko utamkuta aliyeishia darasa la saba, aliyepata divisheni ziro, na binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito.

Watu hawa wameangukia katikati. Elimu bila ada ilifika kidato cha nne mwaka 2016 na kidato cha sita mwaka 2022. Mikopo ya HESLB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ni ya elimu ya juu, na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imeongezewa baadhi ya fani za stashahada. Anayejifunza uchomeleaji ngazi ya kwanza hayumo huku wala kule.

Sasa, kosa ambalo wafadhili wengi hulifanya ni kudhani kwamba kinachomshinda mwanafunzi ni ada. Katika vyuo vya VETA ada ya kozi ndefu imekuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Hiyo ukoo unaweza kuichanga. Isome fomu ya kujiunga uone mengine: ovaroli, buti za usalama, vifaa vya fani, godoro, bima ya afya, nauli. Kisha linakuja fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, ambapo mwanafunzi anaondoka bwenini na lazima apate pa kulala na chakula mjini. Hapo ndipo wengi hupotea, kimyakimya, na chuo kinaandika tu kwamba hakuripoti.

Ndiyo maana mfuko mzuri huwa na fungu la dharura. Marekani, ambako vyuo vya jamii vya miaka miwili vipo tangu kile cha Joliet, Illinois, kilipoanzishwa mwaka 1901, ni kawaida chuo kuwa na taasisi yake ya kukusanya michango. Vingi pia hutoa ruzuku ndogo ya dharura: kodi ya chumba ya mwezi mmoja, tairi la gari lililopasuka. Kiasi ni kidogo, ila kinatolewa haraka, bila kikao cha bodi kusubiriwa miezi mitatu. Kwetu fungu kama hilo lingekuwa nauli ya kutoka Buhigwe au Uvinza na chakula cha wiki mbili za mwanzo wa fildi.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza, ya kumsaidia mwanafunzi mmoja mmoja. Aina ya pili ya ufadhili haimgusi yeye, inaibeba programu nzima. Mfano ninaoupenda ni vituo vya kulelea watoto katika vyuo vya wananchi. Kupitia mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania Organization pamoja na vyuo hivyo, wasichana walioacha shule hurudi kusoma, na mwenye mtoto anaweza kuja naye. Kumlipia binti ada huku hana wa kumwachia mtoto ni kupoteza hela. Lakini nani anataka kuchangia mshahara wa mlezi, au uji? Wafadhili wanapenda cherehani mpya na jengo lenye kibao cha jina lao. Cherehani zikifika, hakuna fungu la sindano wala fundi wa kuzitengeneza. Kama una uwezo wa kutoa bila kuweka masharti ya matumizi, toa hivyo, kisha udai hesabu mwisho wa mwaka.

Aina ya tatu ni mfuko wa kudumu. Mtaji haliwi, kinacholiwa ni faida yake. Ni kama mchikichi: unakata mkungu, mti unauacha. Misikiti inaijua dhana hii kwa jina la wakfu. Nyumba inatolewa, na kodi yake inaendesha madrasa. Kwenye vyuo vya Marekani desturi ni kutumia kiasi cha asilimia 4 au 5 ya mfuko kwa mwaka, na ziada hubaki ili thamani isimomonyolewe na mfumuko wa bei.

Je, kundi la watu wa Kasulu waliotawanyika Dar es Salaam na Mwanza linaweza? Tuseme wamechanga shilingi 5,000,000 na kununua hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, ambazo kiwango cha chini ni shilingi 1,000,000. Zikilipa asilimia 12, watapata 600,000 kwa mwaka, kwa mikupuo miwili ya miezi sita sita. Wakirudisha 200,000 kwenye mtaji, zinabaki 400,000. Zinatosha wanafunzi wachache sana. Kwa maoni yangu, mfuko mdogo namna hiyo usiharakishe kuwa wa kudumu. Changeni kila mwaka, mtumie kila mwaka, na mfikirie hatifungani mtaji ukishakua. Tena nidhamu ya kuchanga tunayo. Kamati ya harusi ina mwenyekiti, mtunza hazina, orodha ya ahadi na mtu wa kukusumbua simu hadi ulipe. Mfuko wa wanafunzi unahitaji watu walewale, isipokuwa hautaisha Jumamosi usiku.

Kuhusu njia ya kulipa, usimkabidhi mtu taslimu. Vyuo vya serikali hupokea fedha kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na yeyote mwenye namba hiyo anaweza kulipa kwa simu. Kwa hiyo ada na bweni zilipwe moja kwa moja chuoni, na pesa ya mkononi ya mwanafunzi itumwe kidogo kidogo kwa mwezi. Vigezo vya kumchagua viandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa matangazo kabla ya maombi kuanza, maana mji wetu ni mdogo na kila mwanakamati ana mpwa.

Kwa kampuni au mfanyabiashara mkubwa, mwenye kununua tumbaku Urambo kwa mfano, ipo Mamlaka ya Elimu Tanzania, TEA, inayosimamia Mfuko wa Elimu ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 nayo inaruhusu michango inayotambuliwa kisheria kupunguzwa kwenye mapato yanayotozwa kodi, kwa masharti yake. Mhasibu wake aulizwe kabla hela haijatoka, kwa sababu mchango usio na nyaraka hauhesabiwi.