Tasnifu ya fasihi haianzii kwenye nadharia

"Mwalimu, nadharia nimeshapata, bado kitabu." Kauli hii naisikia kila msimu wa mapendekezo ya utafiti, na safari hii nimeona niijibu kwa maandishi. Wanaoiamini ni vijana wenye akili na bidii, na inawapotezea miezi mingi ya uzamili wao.

Dhana yenyewe ni kwamba kutafiti fasihi ni kuchagua nadharia, kuorodhesha mihimili yake, kisha kutafuta riwaya ya kuithibitishia. Ndiyo maana mada zinafanana kama mapacha: uhakiki wa riwaya fulani kwa mtazamo wa kifeministi, wa Kimarx, wa baada ukoloni (unaochunguza athari za ukoloni). Sura ya pili inajaa waasisi wa nadharia na miaka yao ya kuzaliwa. Sura ya nne inanukuu aya moja ya riwaya, halafu inatamka: "Hii inadhihirisha mhimili wa pili wa nadharia yetu." Lakini mhimili huo uliuamini kabla hujafungua kitabu, na umekifunga ukiuamini vilevile. Sasa kitabu kilikuwa na kazi gani?

Najua dhana hii inatoka wapi. Fomu ya pendekezo la utafiti ina sehemu ya kiunzi cha nadharia, nayo imewekwa kabla ya uchambuzi, hivyo mwanafunzi anadhani anatakiwa afikiri kwa mpangilio wa fomu. Kabla ya hapo alipita sekondari, ambako fani na maudhui vilifundishwa kama orodha ya kufaulia mtihani: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Akifika uzamili anabadilisha orodha tu, usomaji unabaki uleule.

Chukua riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Mwanafunzi anayetumia nadharia ya baada ukoloni ataandika kwamba mwandishi anakosoa utawala dhalimu kwa mafumbo. Ni kweli, ila hilo hata aliyeko kidato cha tatu analijua. Weka nadharia kando, usome upya. Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka elimu ya sheria ienezwe nchini. Maisha yake yako hatarini. Anajiteteaje? Anasimulia. Siku baada ya siku anaieleza mahakama habari za wajumbe sita, kuanzia Buruhani hadi Amini, waliotumwa pande zote za dunia, mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, wakaishia gerezani.

Hapo maswali yanaanza kuja yenyewe. Kwa nini mtetezi wa sheria ajitetee kwa hadithi za safari? Kwa nini zote ziwe na umbo moja la kutumwa, kujifunza, kurudi na kuadhibiwa? Marudio hayo yanamfanya nini mfalme anayesikiliza, na yalimfanya nini msomaji wa Tanganyika miaka ile? Swali la namna hii ndilo linalobeba tasnifu. Ukishalipata, tafuta nadharia itakayokusaidia kulijibu. Huenda ikawa naratolojia, inayochunguza namna hadithi inavyosimuliwa, huenda ikawa nadharia ya upokezi, inayochunguza namna wasomaji wanavyoipokea kazi, na huenda ukahitaji zaidi historia ya mahakama za kikoloni kuliko nadharia yoyote. Na pale kitabu kinapokataa kukubaliana na nadharia yako, usipafiche. Paandike kwa urefu, maana ndipo mtahini wa nje atakapoona umesoma kweli.

Linaloniuma zaidi ni kwamba waandishi wetu wenyewe walishalisemea jambo hili. Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, mwaka 1985, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Baadaye zikatoka Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, riwaya ambazo hazikubali kusomwa kwa kuhesabu wahusika wakuu na wadogo. Bado naletewa sura nzima iliyozikatakata kwa orodha ya kidato cha nne.

Kwa hiyo ninaowasimamia nawapa sharti moja kabla sijasaini chochote. Chagua ukurasa mmoja wa kitabu chako unaokusumbua, uunakili kwa mkono, kisha andika kurasa mbili kuuhusu bila kutaja jina la mwananadharia yeyote. Asiyeweza, arudi kusoma. Wenzangu wengine huliona sharti hili kuwa la kizamani, lakini sitaliacha.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. "Kitabu hiki kimeshafanyiwa kazi" si sababu ya kukikimbia. Pengo la utafiti ni swali ambalo halijaulizwa, hata kama kitabu kimeguswa na mia. Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku shuleni, kisha ikaja kusomwa shuleni humohumo. Historia hiyo ya kusomwa kwake peke yake inatosha mtafiti mmoja.

Halafu kuna wanaokuja kwenye taarabu, khanga au Bongo Fleva wakidhani wamekwepa kazi ngumu. Utamaduni wa kisasa unadai zaidi, haupunguzi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, na wenzake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Anayetaka kuandika kuwahusu atalazimika kuzisikiliza, kuelewa biashara ya santuri ilivyokwenda, kujua nani Unguja alizisikiliza na wapi, na kuusoma wasifu ambao Shaaban Robert alimwandikia Siti, kwa tahadhari, maana mwandishi naye ana ajenda yake. Kunukuu mashairi ya nyimbo kutoka intaneti hakutoshi.

"Nasoma fasihi ya Kiswahili, lugha nyingine za nini?" Kwa sababu miswada ya zamani iko kwa hati ya Kiarabu, na kwa sababu mambo mengi kuhusu waandishi wetu yameandikwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia ya Kinjeketile, alisomea uzamivu Berlin. Huwezi kupinga maandishi usiyoweza kuyasoma.

Na kwa wanaouliza kama shahada hii inaishia ualimu: inaingia pia kwenye uhariri, tafsiri, utangazaji na uchapishaji, ila waajiri hao watakuomba uwaonyeshe ulichoandika. Kwa hiyo chapisha makala moja ukiwa bado masomoni, hata katika Mulika au Kiswahili, majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anza nayo mwaka wa kwanza, kwa kuwa wataalamu wanaoyasomea majarida makala kabla hayajachapishwa hujibu polepole na marekebisho huchukua muda.