Shamba la Miti Linapogeuzwa Makazi: Dhana Nne Zinazowagharimu Wanunuzi wa Viwanja

Arusha na Moshi zinapanuka kuelekea miteremko ya Meru na Kilimanjaro, na kila linapozungumzwa suala la kugeuza shamba la miti la kampuni kuwa mtaa wa kisasa, husikika madai yaleyale.

Dhana: kampuni ndiyo mwenye ardhi, hivyo yaweza kukata viwanja na kuuza ipendavyo.

Ukweli: kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kampuni ina haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99, tena kwa matumizi yaliyotajwa katika hati. Shamba la miti halijengwi nyumba za makazi kabla ya mamlaka ya upangaji kuidhinisha badiliko la matumizi, na mnunuzi ana kila sababu ya kudai kuiona idhini hiyo kabla ya kutoa malipo ya awali.

Dhana: mikaratusi na misonobari si msitu wa asili, hivyo ikikatwa hakipotei kitu.

Ukweli: ni kweli kwamba shamba la miti halilingani na msitu wa mlimani, lakini mizizi yake hushika udongo wa mteremko, na katika makorongo yanayolipitia mara nyingi husalia miti ya asili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mito.

Dhana: eneo likipimwa na kuwekewa bikoni (alama za mipaka ya viwanja), tayari ni makazi yaliyopangwa.

Ukweli: hapa ndipo penye madhara makubwa zaidi. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100 hutoa lita 5,000 za maji. Nyumba 400 za ukubwa huo hutoa lita milioni mbili, kabla hatujahesabu barabara na nyua zilizosakafiwa, na maji hayo yote huteremka kwa majirani wa chini. Kwa hiyo mpango wa kweli huanza kwa kutenga makorongo, miinuko mikali na vipande vya miti vitakavyobaki, kisha barabara zifuate umbo la mteremko, na viwanja vije mwisho. Huko Florida, Marekani, kampuni ya misitu ya Rayonier ilipoanzisha mji wa Wildlight katika ardhi yake, maeneo ya uhifadhi yaliingizwa katika mpango mapema. Miche inayopandwa kando ya barabara baada ya kufyeka kila kitu haiwezi kushika udongo na maji kama miti iliyoachwa.

Dhana: maji si tatizo, kitachimbwa kisima.

Ukweli: visima vingi vinavyozunguka Meru vina floraidi, madini yanayoyeyuka katika maji, inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na ikizidi huharibu meno ya watoto na hata mifupa. Majibu ya vipimo vya maabara yapatikane kabla ya kiwanja cha kwanza kuuzwa.