Kikomo cha kujiwekea: maana yake na namna ya kukipima

Kikomo cha kujiwekea ni hukumu ambayo mtu amejikatia kuhusu uwezo wake, akaishi nayo kama jambo lililothibitishwa, ilhali hajaipima tena. Hukaa katika sentensi fupi: "sina nyota ya biashara", "hesabu zilinishinda tangu darasa la nne", "huku kusini kitu hicho hakiendi". Ukiichunguza sentensi hiyo, haina tarehe wala kipimo.

Kikomo halisi ni kitu kingine. Bei ya korosho ghafi mnadani haipandi kwa sababu mkulima wa Tandahimba amejiamini, na mafuta ya ganda la korosho humuunguza vidole mbanguaji, awe jasiri au mwoga. Hapo kinachotakiwa ni ushirika, glavu, mtaji. Kumwambia mtu wa namna hiyo abadilishe fikra ni kumwonea.

Tatizo ni kwamba vikomo vingi vya kujiwekea vilianza vikiwa vya kweli. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na mvua zikizidi, Lindi na Mtwara zilikatikiwa mawasiliano ya barabara na Dar es Salaam. Aliyesema wakati huo kwamba mzigo wake hautafika sokoni hakukosea. Anayesema hivyo leo bila kuulizia hata nauli ya mzigo stendi, anatumia jibu la swali la zamani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyoka alikuwepo kweli, ila si kila unyasi una nyoka.

Mwaka 1967 wanasaikolojia wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walionyesha jinsi hali hii inavyojengeka. Mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia waliwekwa baadaye mahali ambapo kuruka kizuizi kifupi kungewatoa kwenye maumivu. Wengi hawakuruka, walilala wakavumilia. Katika jaribio lililofuata, kuwabembeleza hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuwavuta kwa kamba kuvuka kizuizi, tena na tena, mpaka wakaanza kuvuka wenyewe. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alifikia jambo linaloshabihiana na hilo kwa binadamu: imani kwamba "naweza" hujengwa zaidi na kitendo ulichokifanya mwenyewe kikafaulu, kisha na kumwona mtu anayefanana nawe akifaulu. Maneno ya kutia moyo yana nguvu ndogo kuliko hivyo viwili. Ndiyo maana semina za hamasa huisha nguvu haraka.

Basi dawa ni jaribio dogo. Tuseme mama wa Newala anabangua korosho nyumbani na anaamini hana nyota ya biashara kwa kuwa mara moja mzigo ulimdodea. Aandike sentensi hiyo kwenye daftari, kisha aigeuze iwe utabiri unaohesabika: "Nikipeleka stendi pakiti 20 za gramu 50, kwa siku saba nitauza tatu." Hiyo ni kilo moja tu, na hasara yake haitamnyima mtu chakula. Utabiri uandikwe kabla ya kuuza. Asipofanya hivyo, akiuza pakiti 11 atasema ni bahati, na sentensi ya zamani itabaki palepale.

Majaribio mengi huharibikia katika ukubwa. Mtu akichukua mkopo wa kikoba wote ili "ajithibitishie", akianguka, hofu yake inapata ushahidi mpya na deni juu yake. Kosa la pili halionekani kwa urahisi: mama anamtuma mtoto akauze. Pakiti zinaisha, lakini yeye hajajifunza lolote, kwa sababu alichokiogopa ni kusimama mbele ya mteja na kutaja bei, na hapo hakusimama. Mfano wa kuiga nao uchaguliwe karibu. Jirani aliyeanza na beseni moja anafundisha zaidi ya tajiri wa Kariakoo. Na moyo ukidunda siku ya kwanza, huo ni mwili unaojiandaa, usiuchukue kama dalili kwamba hufai.

Matokeo yakizidi utabiri, ongeza kidogo: kutoka pakiti 20 hadi 30, si 200. Yakiwa sawa na utabiri, badilisha kitu kimoja tu, ama mahali, ama saa, ama ukubwa wa pakiti, kisha rudia. Ukibadilisha vyote kwa pamoja hutajua kipi kilisaidia. Na kama baada ya raundi tatu za namna hiyo bado pakiti ni tatu, sasa kikomo kina tarehe na kipimo. Kitafutie mwenza anayejua kuuza, au mnunuzi wa jumla, nawe ubaki kwenye kubangua.