Picha ya mzee: nini nifute, nini niache

Ombi ninalolipata mara nyingi kuliko mengine yote huja na picha ya bibi au babu, na chini yake maneno matatu: "Msafishe kidogo tu." Kabla sijaifungua kwenye programu huuliza ni nani anayetaka asafishwe. Mara nyingi ni binti, au mjukuu anayetafuta picha ya kutundika ukutani. Mwenyewe mzee hajaulizwa, ilhali uso ni wake.

Sisi tunaohariri picha tuna kanuni ya zamani: kitakachopona ndani ya wiki mbili, kitoe, kitakachobaki, kiache. Chunusi, mkwaruzo wa wembe, alama ya mto shavuni, ngozi iliyokauka midomoni, uvimbe wa macho kwa kukosa usingizi, vyote hivyo ni vya siku ile tu. Kovu, mvi na baka la kuzaliwa ni vya mtu. Kwa kijana kanuni hii inatosha kabisa. Kwa mzee huyumba.

Nilijua hivyo kwa picha ya mama mmoja aliyevua miwani ili apigwe picha. Kwenye pua, kila upande, palikuwa na kishimo kidogo pale miwani inapokaa. Kwa kanuni yangu, hivyo vilikuwa vya kufutwa, maana hata saa chache bila miwani zingevipunguza. Nikavifuta, kazi ya dakika mbili. Familia ikaipokea picha, ikashukuru, halafu baada ya siku mbili binti yake akaniandikia kwamba mama kuna kitu kimemtoka usoni na hawajui ni nini. Mama yule alikuwa amevaa miwani tangu ujana wake. Watoto wake hawakuwahi kuiona pua ile bila vile vishimo. Nilivirudisha, na tangu hapo swali ninalojiuliza si kama kitu kitapona, bali kama wanaoishi naye wanamjua nacho.

Sasa makunyanzi, maana ndiyo yanayoombwa kufutwa zaidi. Kunyanzi kwenye picha ni kivuli tu: ngozi imejikunja, upande mmoja unapata mwanga, mwingine haupati. Kwa hiyo anayetaka kulilainisha anyanyue kivuli, yaani akipunguzie giza, asiifute ngozi. Mimi hufungua tabaka jipya juu ya picha, nikaliziba kunyanzi lote humo, kisha nikaishusha nguvu ya tabaka hilo hadi asilimia 30 au 40. Kunyanzi linabaki mahali pake, lakini halipigi kelele. Ukiliacha tabaka kwenye asilimia 100 utapata shavu kama la sanamu ya nta, na mtazamaji atajua kuna kitu kimefanyika hata kama hawezi kukitaja.

Sio makunyanzi yote yanastahili hata hiyo asilimia 30. Ya pembeni mwa macho, yanayojitokeza mtu anapocheka, siyagusi. Ukiyatoa, mdomo unacheka na macho hayacheki, na hapo umemgeuza bibi kuwa mtu anayejilazimisha. Ndita za katikati ya nyusi ni habari nyingine. Mara nyingi mzee amezikunja kwa sababu mwanga ulikuwa unampiga machoni, au hakusikia vizuri alichoambiwa na mpiga picha. Hizo ni za dakika ile, nazipunguza bila wasiwasi.

Kwenye macho ndiko wanaoanza kazi hii wanakoharibu zaidi. Wazee wengi wana duara la kijivu au la samawati hafifu linalozunguka ile sehemu yenye rangi ya jicho. Ni mafuta yanayojikusanya ukingoni mwa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, kadiri umri unavyosonga, na kwa umri huo ni jambo la kawaida. Mwanafunzi akiliona hudhani ni kasoro ya lenzi, analipaka rangi ya kahawia mpaka ukingoni. Macho yanakuwa ya kijana wa miaka 20 ndani ya uso wa miaka 80. Weupe wa jicho nao hauwi mweupe kama karatasi hata kwa mtoto. Kwa mzee una unjano kidogo na mishipa miembamba. Napunguza wekundu, basi. Meno vilevile: nashusha unjano kidogo bila kuongeza weupe. Kitu pekee ninachokiongeza machoni ni ile nukta ya mwanga ndani ya mboni, ikiwa ipo tayari na imefifia. Ikiwa haipo, siibuni.

Nisisitize hili: kazi nyingi ya kulainisha inatakiwa imalizike kabla kamera haijabonyezwa. Mwanga mkali unaotoka pembeni huchimba kila mkunjo mara mbili ya ulivyo. Msogeze mzee karibu na dirisha kubwa lisiloingiza jua moja kwa moja, mgeuze alielekee kidogo, weka kibao cheupe upande wa pili ili vivuli visiwe vizito. Usimsogelee na simu mpaka pua ijae picha. Rudi nyuma hatua mbili, au kwa kamera tumia lenzi ya milimita 85 na kuendelea, kwa sababu ukaribu huvimbisha pua na kuyaficha masikio. Na ile filta ya urembo ya simu, ambayo wakati mwingine inajiwasha yenyewe, izime. Huyeyusha nyusi nyembamba za mzee na kuziona ndevu zake za mvi kama takataka, na vikishayeyuka sina mahali pa kuvitoa. Programu za akili bandia zinazodai kurudisha sura kwenye picha iliyofifia zinanitia hofu zaidi, kwani zinabuni macho na midomo inayoelekea kufaa. Nimeletewa picha ya babu iliyopitia huko. Ilikuwa safi sana, na haikuwa ya babu yao.

Tamaa hii si ya leo. Katika karne ya 19, picha zilipokuwa zinachukuliwa kwenye vioo, wahariri walitumia penseli. Kwenye negativu, yaani kile kioo ambacho giza na mwanga vimebadilishana nafasi, kivuli cha kunyanzi huonekana kama mstari mwangavu, kwa hiyo ukiujaza kwa penseli, kwenye karatasi kunyanzi linapauka. Wakati huohuo, mwaka 1867, Julia Margaret Cameron alimpiga picha mwanaastronomia John Herschel, mzee wa miaka zaidi ya 70. Nywele nyeupe zimetimka, mwanga umeanguka kwenye mikunjo ya macho, ndevu fupi za kidevuni zinahesabika. Huirudia picha ile kila ninapoona mkono wangu umeanza kuwa mwepesi wa kufuta.

Lakini isije ikaeleweka kwamba mzee lazima abaki alivyo ili mimi niridhike. Mzee mmoja aliletwa na mwanawe, na mwana akaniagiza nisimguse baba hata kidogo. Mwana alipotoka kupokea simu, mzee akasogeza kiti. "Mwanangu, hii ngozi ya shingoni nipunguzie. Shingo hii siijui." Nikamwambia sawa, mzee, tutazame pamoja. Nikainyoosha yote ili aone. Alikuwa amepigwa picha akiwa ameshika mkongojo kifuani, mikono miwili juu yake, mishipa imesimama, madoa ya uzee mgongoni mwa kila kiganja. Shingo laini juu ya mikono ile ilionekana kama ya kuazima. Akaliona mwenyewe kabla sijasema neno.

"Na mikono je, inalainika?"

"Inalainika, mzee. Lakini tutaanza na mikono, tufike masikioni, tumalizie kwa mtu mwingine."

Akanyamaza, akaitazama mikono ya kwenye skrini, halafu ile iliyokuwa magotini mwake. Akasema mikono niiache. Shingo tukaishusha pole pole, yeye akiniambia ongeza, punguza, hapo rudi, mpaka tukaishia kwenye asilimia 25. Akataka nimwonyeshe kabla na baada, mara mbili. Kisha akamwita mwanawe aingie.