OCD: Mnong'ono Unaodai Uhakika

Umefunga mlango, umeondoka. Hatua chache mbele unajiuliza: hivi nimefunga kweli? Unarudi, unakitikisa kitasa, mlango umefungwa. Kwa watu wengi habari huishia hapo. Kwa mwenye OCD ndiyo kwanza inaanza, kwa sababu sasa anawaza kwamba pengine alipokitikisa kitasa ndipo alipokilegeza. Anarudi tena. Anakikagua mara saba, anaipiga picha kufuli kwa simu, anafika kazini amechelewa, na mchana kutwa anaichungulia picha ile ambayo haimtulizi hata mara moja.

OCD, kifupi cha jina la Kiingereza obsessive-compulsive disorder, ni ugonjwa wa akili wenye pande mbili. Kuna mawazo yanayong'ang'ania, yaani fikra, taswira au misukumo inayoingia kichwani bila kualikwa, inayomtia mtu hofu, kinyaa au hatia, na ambayo kadiri anavyoifukuza ndivyo inavyorudi. Halafu kuna vitendo vya shuruti, yale anayoyarudia ili hofu itulie au balaa analoliwazia lisitokee. Baadhi ya vitendo hivyo huonekana: kunawa, kukagua, kupanga vitu mpaka vilingane. Vingine hufanyika kichwani kimyakimya. Mtu anahesabu, anarudia sala mpaka aone imetoka sawasawa, au anayapitia mazungumzo ya jana neno kwa neno ajiridhishe kwamba hakumkosea mtu. Hawa wa kimyakimya ni rahisi kukaa miaka bila kutambuliwa, maana hakuna anayewaona wakifanya lolote.

Neno letu "wasiwasi" lina asili ya Kiarabu, na huko asili yake ni mnong'ono. Waarabu wa leo huuita ugonjwa huu mnong'ono wa kushurutisha. Wafaransa wa karne ya 19 nao waliuita wazimu wa shaka. Sijaona majina yaliyoulenga vizuri kuliko hayo mawili, hasa nikiyalinganisha na mazoea ya siku hizi ya mtu kusema "mimi nina OCD" kwa kuwa anapenda meza yake iwe nadhifu. Anayependa unadhifu hufurahia kazi yake akiimaliza. Mwenye OCD hafurahii chochote. Anapata tu nafasi ya kupumua, nayo ni ya dakika chache.

Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba mawazo yenyewe si ya ajabu. Mwaka 1978 watafiti Stanley Rachman na Padmal de Silva waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote kama huwa wanaingiliwa na mawazo wasiyoyataka. Takriban 8 kati ya 10 walisema ndiyo. Ni mawazo kama kumsukuma mtu kwenye reli, kutamka tusi katikati ya ibada, au kumdhuru mtoto. Wataalamu walipopewa mawazo ya watu hao pamoja na ya wagonjwa wa OCD, bila kuambiwa ni ya nani, walipata shida kuyatofautisha ya wagonjwa na ya wasio wagonjwa.

Kinachotofautisha ni uzito ambao mtu analipa wazo. Mmoja anasema "upuuzi gani huu", anaendelea na shughuli zake. Mwingine anashtuka: mtu mwema angewezaje kuwaza hivi? Basi lazima mimi ni hatari. Ndiyo maana ugonjwa huu hushika pale mtu anapopathamini zaidi. Mcha Mungu huteswa na kufuru, mpole huteswa na taswira za ukatili, na mama anayempenda mtoto wake mchanga anaficha visu vyote vya jikoni kisha anaogopa kubaki naye peke yake. Mama huyu si hatari kwa mtoto. Anachukia wazo lile kwa sababu linapingana na yeye alivyo. (Hali ni tofauti kabisa kwa mama aliyejifungua anayesikia sauti zikimwamuru, au anayeamini kwamba kumdhuru mtoto ni jambo sahihi. Huyo anahitaji kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.)

Mtu akishajiona hatari, anaanza kutafuta uhakika, na hapo ndipo mtego ulipo. Akinawa, hofu inashuka, na ubongo unaandika somo: kumbe tulinusurika kwa sababu tulinawa. Kesho hofu inakuja na nguvu zaidi, na kunawa mara moja hakutoshi. Kuwauliza wengine kunafanya kazi vilevile. "Una hakika sikukugonga?" "Una hakika si ugonjwa?" Kila jibu la kutuliza hudumu kitambo, kisha swali linarudi limevaa nguo nyingine. Ni kama deni la riba, unalilipa kila siku nalo linazidi kukua.

Kwa kuwa kila mtu hukagua mlango mara mojamoja, wataalamu huangalia kama mambo haya yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanamvuruga mtu kazini, shuleni au nyumbani. Takriban watu 2 kati ya 100 huupata ugonjwa huu wakati fulani maishani, wanawake kwa wanaume. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani, na ni nadra kuanza baada ya miaka 35. Chanzo si kimoja: urithi una sehemu yake, na mizunguko inayounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu za ndani hufanya kazi tofauti na kawaida. Malezi mabaya au imani haba si chanzo chake, ingawa wagonjwa wengi wameambiwa hivyo.

Kwa miaka mingi ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa hautibiki. Wengine hata waliogopa kwamba mgonjwa akizuiwa kufanya vitendo vyake atavurugikiwa kabisa. Mwaka 1966 mtaalamu wa saikolojia Victor Meyer, akifanya kazi London, alieleza jinsi alivyowatibu wagonjwa wawili kinyume na hofu hiyo: waliwekwa karibu na vile walivyoviogopa na kuzuiwa kufanya vitendo vyao vya shuruti. Wakapata nafuu. Kutokana na kazi hiyo ilikua tiba inayotegemewa zaidi hadi leo, ambayo kwa Kiswahili chepesi tunaweza kuiita tiba ya kukabili na kujizuia.

Haianzi kwa kutupwa majini. Mgonjwa na mtaalamu huandika pamoja orodha ya hofu na kuipa kila moja alama, tuseme kutoka 0 hadi 100, kisha wanaanza na ile wanayoona inawezekana. Anayeogopa vijidudu anagusa kitasa cha mlango, halafu anakaa bila kunawa. Hofu inapanda. Moyo unadunda, mikono inawasha kama ina moto. Hapo mtaalamu hamwambii "usijali, hutaugua", maana hiyo ingekuwa dozi nyingine ya uhakika. Husema, "Huenda ukaugua, huenda usiugue. Unaweza kukaa na kutojua huko?" Mara nyingi hofu hushuka yenyewe baada ya muda. Hata isiposhuka upesi, mgonjwa ameona kwamba anaweza kuibeba na bado akafanya shughuli zake. Zoezi hurudiwa nyumbani kila siku, na kwa kawaida tiba huchukua vikao 12 hadi 20. Ni kazi ngumu, na wapo wanaoiacha njiani, lakini zaidi ya nusu ya wanaoimaliza hupata nafuu kubwa.

Kwa sababu hiyo, si kila mazungumzo na mtaalamu yatasaidia. Kukaa miezi ukichambua wazo lina maana gani na limetoka wapi kunaweza kugeuka kitendo kingine cha shuruti, safari hii cha kulipia. Siku ya kwanza muulize mtaalamu wazi: umewahi kutibu OCD? Tutafanya mazoezi ya kukabili hofu na kujizuia? Akijibu kwamba mtaongea tu mpaka utulie, tafuta mwingine. Ukiona haya kuyataja mawazo yako, anza kwa kuyaandika kwenye karatasi umpe. Aliyezoea kutibu ugonjwa huu ameshasikia makali zaidi ya hayo.

Dawa nazo zipo. Ni zile zinazoongeza kazi ya serotonini (kemikali inayopitisha ujumbe ubongoni), ambazo wengi huzijua kwa kutibu sonona: fluoksetini, sertralini, fluvoksamini, na klomipramini ya zamani zaidi. Kwa OCD mara nyingi huhitajika dozi kubwa kuliko ya sonona, na hupewa wiki 8 hadi 12 kabla ya kuamua kama zinasaidia. Wengi huacha wiki ya tatu wakisema hazifai. Usiziache ghafla bila daktari.

Watu wa nyumbani hujikuta wamekuwa wasaidizi wa ugonjwa bila kujua. Wanamkagulia kufuli, wanafua nguo mara mbili kwa ajili yake, wanajibu swali lilelile mara 20 kwa siku. Wanafanya hivyo kwa upendo, lakini huo ndio uhakika unaoulisha ugonjwa. Kuacha yote kwa siku moja ni ukatili pia. Kinachofaa ni kukubaliana na mgonjwa, ikiwezekana mbele ya mtaalamu, kwamba kuanzia wiki hii swali la kufuli litajibiwa mara moja tu, na wiki ijayo halitajibiwa. Atakapouliza tena usiku, na atauliza, unaweza kumwambia, "Naona mnong'ono umekushika. Silijibu swali lake, ila nitakaa hapa na wewe."