Nyanya zimeiva zote kwa mkupuo: maswali na majibu

Wiki hizi naulizwa jambo moja kwa sura nyingi. Mtu kapanda miche ishirini nyuma ya nyumba, kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, kamwacha salama, sasa kila asubuhi anachuma ndoo. Majirani wamegawiwa mpaka wakimwona wanapita njia nyingine. Azipike vipi, azihifadhi vipi, na kuzila kila siku kuna madhara? Haya ndiyo yanayojirudia zaidi. Wasomaji wa Unguja na Pemba, nikisema nyanya someni tungule.

Nyanya ikipikwa sana si inabaki makapi tu?

Inapoteza kimoja, inaongeza kingine. Vitamini C ndiyo inayoumia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walipasha nyanya kwa nyuzi 88 kwa nusu saa, na vitamini C ikapungua kwa karibu asilimia 29. Lakini laikopini, yaani ule wekundu wenyewe, ilipatikana kwa wingi zaidi, maana moto hulegeza kuta za chembe zinazoishikilia. Tena huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, kwa hiyo nyanya iliyoungwa kwa mafuta au tui huufaa mwili kuliko iliyochemshwa tupu. Vijiko viwili vya mezani vinatosha sufuria ya familia. Mafuta yakielea juu ya mchuzi umeshapitiliza. Mchana kachumbari, jioni rojo, hapo hujakosa kitu.

Nikisaga juisi ya nyanya nikampa mjamzito, itamwongezea damu?

Hapana. Tuna mazoea ya kudhani kila chekundu ni damu. Gramu 100 za nyanya hazifikishi hata nusu miligramu ya madini ya chuma, na mjamzito anahitaji zaidi ya miligramu 20 kwa siku. Kazi ya nyanya ni ya usaidizi: vitamini C yake huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage au mchicha. Basi mpe kachumbari pembeni ya maharage, chai isubiri kama saa moja baada ya chakula kwa kuwa huzuia chuma, na vidonge alivyopewa kliniki asiviache.

Nataka kupika rojo nyingi niiweke kwenye chupa kabatini. Bibi alikuwa akimimina mafuta juu ili isiharibike.

Hayo mafuta ya juu ndiyo yanayonitia hofu. Udongoni kuna bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake hazifi kwenye maji yanayochemka, na hustawi pale ambapo hewa haifiki: chini ya mafuta, ndani ya chupa iliyofungwa. Sumu yake hulegeza kope, hufanya ulimi kuwa mzito, kisha hufika kwenye misuli ya kupumulia. Rojo yenye sumu hiyo inaweza isinuke wala isibadilike rangi. Mtu akiona dalili hizo baada ya kula chakula cha chupa, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Kinachomzuia bakteria huyu ni uchachu. Hakui pH (kipimo cha uchachu; namba ikishuka, uchachu umezidi) ikiwa chini ya 4.6, na nyanya zimekaa mpakani hapo hapo. Zilizoiva kupita kiasi huweza kuvuka. Ukitia kitunguu, saumu, karoti na hoho, uchachu unazidi kupungua. Wanaohifadhi kwenye chupa kwa usalama hutumia nyanya tupu, huongeza vijiko viwili vya mezani vya maji ya limau ya dukani kwa kila lita (ya dukani kwa sababu uchachu wake haubadiliki), kisha huchemsha chupa zikiwa zimezama majini kwa muda uliopimwa. Muda huo huongezeka milimani. Mbeya mjini, kwa mfano, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kwa jiko la mkaa na chupa za kuokoteza, mimi sikushauri kabisa.

Igandishe. Pika rojo na vitunguu tu, iache ipoe, ipakie kwenye vikopo vya mlo mmoja mmoja. Ukichoka kupika, tia nyanya nzima kwenye friza. Siku ya kuzitumia zipitishe kwenye maji na ganda litavuka lenyewe kama soksi. Huna friza? Kata vipande vyembamba, anika juani chini ya neti mpaka vikatike ukivikunja. Vikiwa bado vinapinda, vitaota ukungu.

Na umeme ukikatika?

Friza iliyojaa hushikilia baridi kama siku mbili usipoifungua, iliyojaa nusu kama siku moja. Ukikuta bado kuna chembe za barafu, gandisha tena. Ikiwa imeyeyuka na kupata joto, mwaga.

Iliyooza upande mmoja nikate nile iliyobaki?

Ikiwa na ukungu, tupa nzima. Ni laini na yenye maji, nyuzi za ukungu hupenya mbali kuliko unavyoona. Iliyopasuka leo kwa mvua haina neno: ioshe, ipike leo leo.

Nani apunguze?

Mwenye kiungulia, hasa usiku. Na mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu: nyanya mbichi ina kama miligramu 240 kwa gramu 100, lakini ukiichemsha mpaka ikawa nzito kama ya kopo, kila kijiko kinabeba kama mara nne ya kijiko cha nyanya mbichi. Huyo aulize kliniki kwanza.

Sufuria yangu ya alumini ilikuwa nyeusi ndani. Nimepika nyanya saa mbili, imetoka inang'aa. Ule weusi umekwenda wapi?

Kwenye rojo. Uchachu umeukwangua pamoja na alumini kidogo. Kwa mwenye figo nzima kiasi hicho hutoka kwa mkojo, hakuna haja ya kumwaga chakula. Ila ukishaipua usiilaze humo. Ihamishie kwenye bakuli la udongo, la kioo au la plastiki la chakula. Ya kupikia siku nzima, tafuta sufuria ya chuma kisichoshika kutu.